Shati Lisilo na Vifungo

4 Machi

Kwa Dada,

Shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kifo cha kifungo cha suruali yangu ya kijivu, kilichotokea Jumapili asubuhi baada ya kuugua muda mrefu. Chanzo cha kifo ni kitambi changu. Marehemu alifia kazini. Ameacha tundu moja na mwenye suruali mmoja. Kwa kuwa wewe ni fundi cherehani, nimeona nikuarifu mapema, usije ukasikia kwa watu.

Baada ya hayo, sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema mito uliyotushonea imeanza kutema pamba usiku na tunaamka na ndevu nyeupe. Mwanao mkubwa anasonga mbele na shule. Wiki hii anatufundisha habari za matumbo ya chura, hasa wakati wa kula. Mdogo ameng'oka jino la mbele, anapiga mluzi bila kukusudia.

Kiwandani ni yale yale. Shuka za hospitali na za mahoteli zinaingia chafu, zinatoka safi, sisi tunabaki katikati. Bado nakunja shuka na yule mama tunayemwita Bibi Harusi, kwa jinsi anavyokujia taratibu na ncha mbili za shuka mkononi, macho chini, kama anapelekwa kwa mume asiyemtaka. Na kitambi changu bado kina ajira yake. Nilikueleza ule ubao ulio mbele ya mashine ya pasi: shuka ikijikunja, unausukuma ubao kidogo tu na lile pipa la moto linalovuta shuka linasimama. Wenzangu wanausukuma kwa mkono. Mimi nauegemea kwa tumbo. Msimamizi husema nikikonda itabidi aajiri mtu wa pili.

Unisamehe mwandiko. Kalamu ni ya mtoto na ina tabia za mtoto.

Nilitaka kusahau: niliungua kidogo na sufuria hapa nyumbani. Si jambo la kuandikia barua. Nasema tu, usije ukadhani nakuficha.

Ni mimi, mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za msiba wa kifungo nimezipokea kwa moyo mzito, na nikaendelea kula.

Huku hatujambo. Shemeji yako ameziba tundu la paa, sasa panavuja mahali pengine, anasema hayo ni maendeleo. Dukani nimejaa sare za shule mpaka mlangoni. Mteja akiingia ananiita kwanza ili ajue niko upande gani. Mwambie wifi yangu mito aitume, nitaishona upya, na aache kulalia upande wa mshono.

Sasa nina maswali, nawe unajua nikiwa na swali silali.

Wewe na sufuria mlijuana lini? Mtu aliyeachwa nyumbani siku mbili akala mkate mkavu kwa kuogopa kuwasha jiko? Umeungua mkono upi? Umeungua nini hasa, kidole au mkono? Na kalamu ya mtoto haifanyi herufi zilale zote upande mmoja kama watu waliochoka. Naujua mwandiko wako tangu ulipokuwa ukiandika kwenye vumbi.

Usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu unanichekesha, nikishakata nagundua hukujibu kitu. Andika. Karatasi haichekeshwi.

Dada yako.


19 Aprili

Kwa Dada,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Nilikuwa na shughuli nyingi za kukaa.

Kuhusu sufuria: tulijuana kwa bahati mbaya, na urafiki umevunjika pande zote mbili. Dawa napaka, bandeji nabadilishiwa. Mwuguzi wa kituo ni mkali kama wewe. Siku ya kwanza aliniuliza, "Sufuria gani hii inayounguza huku imebana?" Nikamwambia ni sufuria ya zamani, ina wivu. Hakucheka.

Kazini wamenipa likizo. Kwa hiyo nimekuwa bwana wa nyumba: asubuhi nafagia, kisha wifi yako anafagia nilipofagia. Nimegundua nyumba yetu ina mchana mrefu sana. Zamani nilidhani watu wa nyumbani wanatia chumvi.

Msimamizi alikuja kunitazama. Unamkumbuka, rafiki yangu aliyesimama nami siku ya harusi, yule aliyenitafutia kazi hii. Alileta machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hatukuwa na mengi. Aliposimama aliniambia, "Ndugu yangu, usiniangushe." Nikamwambia mimi siwezi hata kuangusha chungwa. Machungwa yalikuwa matamu, wifi yako ndiye aliyeyamenya.

Mwanao mkubwa anasema muhula ujao apumzike shule. Kuna duka la vyombo linatafuta msichana wa kuuza. Ni wazo lake mwenyewe, hatukumsukuma. Ni muhula mmoja tu.

Jana mdogo aliniuliza babu yake alivipotezea wapi vile vidole viwili. Nikampa ile ya fisi. Akataka ya mamba. Nikampa zote mbili, hadithi moja kwa kila kidole, kama baba alivyokuwa akitugawia. Alicheka mpaka akapiga mluzi.

Msalimu shemeji na paa lake.

Mdogo wako.


8 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Kwenye kifurushi hiki kuna shati. Usiulize. Nimelishona kwa kipimo cha zamani, nikaongeza mbele kwa heshima ya kitambi. Halina vifungo. Nimeweka vile vya chuma vya kubana, unabonyeza kwa kiganja tu na kinajifunga. Ndio mtindo wa sasa.

Nina swali moja tu safari hii. Je, unakwenda kazini?

Mwambie mwanangu asiende duka la vyombo kabla hajapata barua yangu. Na mdogo usimpe tena ile ya fisi.

Dada yako.


14 Juni

Mdogo wangu,

Hukujibu. Mwezi mzima na zaidi. Shemeji yako anasema labda barua imepotea njiani. Nimemwambia barua haijapotea, aliyepotea ni mtu.

Basi leo utasoma, hutajibu, utasoma.

Nina mteja mmoja, mwanasheria wa chama cha wafanyakazi. Alikuja kupunguziwa sketi. Nilimsimamisha juu ya kibao, nikamzungushia pini kiunoni, na alipokuwa hana pa kukimbilia nikamuuliza.

"Mama, mtu akiumia kazini, wanaweza kumfukuza?"

"Ni wewe?"

"Ni jirani."

"Jirani wa wapi?"

"Tulinyonya ziwa moja."

Akacheka. Nikamwambia asicheke, pini zitamchoma.

Akanieleza taratibu, nami nikaendelea kupima ili asishuke. Alisema sheria hairuhusu mtu kufukuzwa kwa sababu aliumia akiwa kazini, wala kufukuzwa akiwa bado kwenye matibabu, hata wakiipa barua jina jingine. Mwajiri ndiye anayetakiwa kupeleka taarifa ya ajali ofisi ya kazi, na kumtibu mtu wake, na kumfidia akibaki na kilema. Hata kama mfanyakazi naye alizembea kidogo, haki yake haifi kwa hilo. Lakini malalamiko ya kufukuzwa yana muda wake. Ukipita, unabaki na kubembeleza tu.

Kisha nikamuuliza, "Na kama huyo jirani alisema hospitali kwamba aliumia nyumbani?"

Hapo akanigeukia juu ya kibao. Mimi nikaacha pini.

"Basi inabidi aende aseme ukweli," akasema, "kwa mdomo wake mwenyewe, na aje na mtu aliyeona. Hilo hakuna anayeweza kumsemea."

Utauliza nimejuaje. Hujaniambia kitu, na wifi yangu hajaniambia kitu, amekutunzia siri yako vizuri, mwambie nampenda hata hivyo. Nimejua kwa sababu nimeshawahi kuiona sufuria hiyo.

Baba hakuliwa na fisi.

Nilikuwa na umri wa mwanao mkubwa, wewe ulikuwa unatambaa. Alirudi mchana, saa ambazo hakuwa na kawaida ya kurudi, mkono umefungwa kwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Kitambaa kilikuwa cha mwenye kiwanda cha mbao. Msumeno ulimchukua vidole. Mwenye kiwanda alimsindikiza mpaka mlangoni kwetu, akamwambia mbele yangu, "Rafiki yangu, tuseme ulikuwa unapasua kuni hapa nyumbani. Ukipona, kazi yako ipo." Baba akasema sawa. Akatania kwamba vilivyobaki vinatosha kushikia kijiko. Wakacheka wote wawili, mama hakucheka.

Mimi niliambiwa nikifue kile kitambaa, kirudishwe kwa mwenyewe. Nilikichemsha, damu ikakataa kabisa. Mama akanionyesha kwamba damu inataka maji baridi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojua katika ufundi wangu.

Baba alipopona, kazi haikuwapo. Nami nikakalishwa kwenye cherehani ya mama mmoja wa jirani. Waliniambia ni muhula mmoja tu.

Wewe ulipopata akili mambo yalikuwa yametulia, ukakuta fisi.

Sikulaumu kwa utani wako. Nyumba yetu ingekuwa nzito bila utani wa baba, na moyo wangu ungekuwa mzito bila wako. Lakini baba alitania mpaka hakubaki mtu wa kumuuliza. Mimi nakuuliza.

Shati linakutosha?

Dada yako.


1 Julai

Dada,

Shikamoo.

Shati linatosha. Nalivaa mwenyewe, mlango umefungwa, bila msaada wa mtu. Ulijuaje kwamba ni vifungo vilivyokuwa vinaniliza kila asubuhi, sijui. Kile cha suruali hakikufa kwa ajili ya kitambi. Nilikivuta kwa mkono wa kushoto kwa hasira mpaka kikang'oka.

Ni mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunji. Daktari anasema kimoja huenda kikarudi.

Sijakwenda kazini tangu Februari. Mwanzoni mwa Mei walileta barua kwamba nimefukuzwa kwa utoro. Imesainiwa na msimamizi. Aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, safari hii bila machungwa, na hakuketi.

Nilikaa siku nyingi bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza barua ilikuwa inatoka utani, na utani nao ulikuwa umeniishia. Barua yako nilimsomea wifi yako kwa sauti. Nilipofika kwenye kitambaa nikampa amalizie yeye.

Baba alikuwa akituambia wewe uliacha shule kwa kupenda cherehani. Ulikuwa hupendi?

Nimeuliza ofisi ya kazi. Muda wangu unaisha katikati ya mwezi huu. Lakini nikisema ukweli, rafiki yangu ndiye atakayeulizwa. Ana watoto wanne, na mama yake mzazi anaishi naye. Alilia, dada, siku ile kwenye gari akinipeleka kutibiwa, sijawahi kumwona mtu mzima akilia huku anabadili gia. Mwenye kiwanda chetu hata simjui sura. Ningemjua, ningemchukia yeye, ingekuwa rahisi.

Mdogo wako.


7 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kupenda nilikuja kupenda baadaye, kama watu wanavyompenda mume waliyepewa. Nilikuwa nataka kuwa mwalimu wa jiografia. Usicheke. Hata leo nikikata kitambaa naona ramani.

Kuhusu rafiki yako sina la kukushauri, ni wako, na machozi yake naamini yalikuwa ya kweli. Mwenye kiwanda cha mbao hakulia, alicheka, na bado alikuwa rafiki wa baba, walikuwa wakicheza bao pamoja mpaka mwisho. Nilichokiona mimi ni kwamba baba alimbeba mwenzake, na sisi tukambeba baba. Ukitaka kumbeba wako, angalia kwanza nani atakuwa chini.

Mwanangu amenijibu barua. Anasema duka la vyombo si wazo lake kabisa, ila alikuona ukijaribu kukata mkate.

Ukienda, vaa lile shati. Mpelekee Bibi Harusi salamu zangu, mwambie dada yako anamuomba.

Dada yako.


23 Agosti

Kwa Dada,

Shikamoo, wewe na mwalimu wa jiografia. Nimekawia kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo likiwa na kichwa na miguu. Miguu bado, lakini kichwa kipo.

Nilikwenda. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya mlango kufungwa. Nilikwenda na Bibi Harusi, aliyevaa viatu vya kwenda kanisani na akatembea kwa mwendo wake ule ule, nusura tukute ofisi imefungwa. Nilipompelekea ombi lako alisema, "Nilikuwa nangoja uniambie. Mimi nimeyashika maneno haya tangu Februari, yamenikaba."

Afisa wa kazi ni kijana mwenye miwani, meza yake ina mguu mfupi uliowekewa gazeti. Akaniuliza, "Uliumia wapi?" Dada, nilifungua mdomo na sufuria ikatoka. Nilisema kabisa, "Bwana afisa, kuna sufuria moja ya zamani..." Bibi Harusi nyuma yangu akakohoa. Nikabonyeza kifungo kimoja cha shati lako ambacho hakikuwa kimefungika vizuri, kikalia tak. Kisha nikamwambia sikuumia nyumbani.

Baada ya hapo tuliitwa wote. Alikuja mtu wa utawala na begi la ngozi, akaja na msimamizi. Koridoni hatukusalimiana, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono. Ndani, mtu wa begi akasema hawajui ajali yoyote, wanajua mtoro. Bibi Harusi akasema alichoona. Mwuguzi naye alikuwa ameandika maelezo kwamba jeraha lilikuwa la kubanwa na kuungua kwa pamoja, na kwamba sufuria hakuiamini tangu siku ya kwanza. Kumbe alikuwa akinisikiliza kuliko mimi nilivyojisikiliza.

Afisa akamgeukia msimamizi, akamuuliza nani aliufunga ule ubao wa mashine usisogee. Kabla hajajibu alinitazama mimi. Miaka yote akikwama mbele ya wakubwa hunitazama hivyo, nimtolee utani, watu wacheke, jambo lipite. Nilimtazama. Sikuwa nao. Akainamisha kichwa, akasema, "Ni mimi. Niliambiwa kazi isisimame simame." Mtu wa begi akaanza kutafuta kitu kwenye begi.

Afisa amesema barua ile ya utoro haiwezi kusimama, kwa sababu mtu aliyeumia kazini na yuko kwenye matibabu hafukuzwi kwa kutokuwapo. Kwa hiyo mimi bado ni mfanyakazi wao, wapende wasipende, na kituo cha afya sasa kinawadai wao. Habari ya fidia, na kazi gani nitafanya kwa mkono huu, tunaitwa tena mwezi ujao. Msimamizi naye hajafukuzwa. Afisa amewaambia wasithubutu kumtupia lawama yeye peke yake, maana agizo halikutoka kwake. Sijui kama tutarudi kuwa marafiki. Juzi kuna mtu aliacha mfuko wa machungwa mlangoni akaondoka. Mwanao aliyamenya, tukala. Na shuleni amerudi, tuko kwenye moyo wa mjusi.

Mdogo nimemwambia ya babu yake, ile ya kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kile kitambaa mwenyewe alikishukuru. Sikujua. Utamjibu wewe.

Sasa nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kama nilivyomwambia afisa. Ungepaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, maana wewe ndiye uliyeuliza kwanza, nami nikakupa sufuria.

Ilikuwa Jumanne. Hospitali ilitaka shuka zake kabla ya mchana, na mashine ya pasi ilikuwa inasimama mara kwa mara, kwa sababu ule ubao ulikuwa mwepesi, ukiupumulia tu unasimamisha pipa. Msimamizi akaja, akachana pindo la shuka kuukuu, akaufunga ubao usicheze. Nilikuwa pale. Nilisema, "Sasa umefungwa kama mbuzi, haya apewe majani." Tulicheka wote, Bibi Harusi pia, na tukaendelea na kazi, na kazi ikaenda haraka kweli.

Karibu na mwisho shuka moja iliingia imejikunja pembeni. Nimenyoosha mikunjo kama hiyo mara ngapi sijui. Unaegemea, pipa linasimama, unapeleka mkono, unanyoosha, unajitoa, linaendelea. Mwili wangu unaijua kazi hiyo bila kuniuliza. Niliegemeza tumbo kwenye ubao, kama kila siku. Nikapeleka mkono.

Halikusimama.

Bibi Harusi ndiye aliyekimbia kwenye swichi ya ukutani. Wanasema hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Msimamizi alinibeba mpaka kwenye gari, na kabla ya hapo alirudi akakata ule mshipi wa shuka kwa meno, nilimwona. Njiani akaniambia niseme nilikuwa nyumbani, akaniapia kazi yangu itaningoja. Nilisema sawa. Hata nilimtania, nilimwambia aangalie barabara, nimebakiwa na mkono mmoja wa kufunga mkanda. Tulipofika, mwuguzi akauliza, nami nikasema ni sufuria.

Haikuwa sufuria, dada. Ilikuwa mashine, na mimi nilikuwa kazini.

Mdogo wako.